Damu kwenye choo wiki ya saba sasa, dawa za amiba zimegoma. Inaweza kuwa kolaitisi ya vidonda?

Usingizi_Haba

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana nimefika mahali sijui nishike lipi. Nina miaka 27, mwanaume, sijawahi kulazwa tangu nizaliwe. Wiki saba zilizopita tumbo lilianza kuendesha, nikajua nimekula kitu kibaya litapita lenyewe. Halikupita. Wiki ya pili nikaona damu, mwanzoni michirizi tu, sasa hivi inatoka imechanganyika na choo na ute mzito kama makamasi. Nimepewa dawa ya amiba mara mbili, mara ya pili na antibayotiki juu yake, napata nafuu siku tatu nne halafu inarudi palepale.

Kinachonitesa siyo hata maumivu, ni ile haraka yake. Ikibana imebana, nina dakika moja au mbili, nisipofika chooni ndo basi tena. Na nikifika saa nyingine inatoka damu na ute tu choo chenyewe hamna, nainuka najua nimemaliza, kabla sijafika mlangoni narudi. Usiku naamka mara mbili mpaka tatu. Nimeanza kutoka nyumbani bila kula wala kunywa ili nisiaibike njiani. Kilo 5 zimeondoka.

Rafiki yangu anasema ni bawasiri nitafute dawa ya kupaka. Mwingine kanitajia kolaitisi ya vidonda, nimesoma juu juu nikaogopa nikafunga simu. Hivi mtu unajuaje ni hiyo na siyo amiba au bawasiri? Na nyie mnaoishi nayo mnaishije? Nipeni ukweli hata kama ni mchungu.

Mwaka_wa_11

Pole sana mdogo wangu. Hapo uliposema unainuka ukidhani umemaliza halafu unarudi, nimejiona mwenyewe kabisa. Mi ninayo hiyo kolaitisi ya vidonda, huu mwaka wa 11, na leo naandika nikiwa mzima, nafanya kazi, nalala usiku mzima. Nimeanza na hilo kusudi usome yanayofuata bila hofu.

Bawasiri kwa kawaida damu yake ni nyekundu mbichi, inadondoka au unaikuta kwenye karatasi baada ya choo kigumu, basi. Haikuharishi, haikuamshi saa tisa usiku, haikupunguzi kilo. Mi nilipoteza miezi mitano napaka dawa ya bawasiri kwa sababu niliona aibu kumwambia daktari kila kitu, nilisema tu "naona damu" nikanyamaza, sikutaja ute, sikutaja usiku. Usifanye kosa langu. Mwambie yote, mara ngapi kwa siku, mara ngapi usiku, damu kiasi gani, tangu lini. Kuamka usiku hasa ukitaje, maana tumbo la kawaida la wasiwasi likiendesha mchana huwa linakuacha ulale.

Amiba ndo inachanganya kweli, inaweza kufanana na hii kitu dalili kwa dalili. Ndo maana choo kinapimwa kwanza, hakuna kukisia. Tena kuna hatari pande zote mbili, ukitibiwa amiba ambayo hunayo unapoteza muda, na ukipewa steroidi za kolaitisi, yaani dawa kali za kushusha uvimbe na kinga ya mwili, wakati ni amiba kweli unaweza kuumia vibaya sana.

Sasa kolaitisi yenyewe ni nini: kinga ya mwili wako inashambulia ngozi ya ndani ya utumbo mpana. Siyo mdudu, hukuambukizwa na hutamwambukiza mtu. Inaanzia puru, pale mwisho kabisa, halafu inapanda juu bila kuruka sehemu, wengine inaishia hapohapo puru, wengine inafika upande wote wa kushoto, wengine utumbo mpana mzima. Na ile haraka unayoiona ndo sababu yake hiyo, puru likivimba haliwezi tena kutunza choo likusubiri, hata kijiko cha ute linakiona kama mzigo mkubwa. Kwa hiyo usijilaumu eti umeshindwa kujizuia kama mtoto. Ni kiungo kinaumwa.

Nesi_wa_Kamera

Nimefanya kazi chumba cha endoskopia, pale wanapochunguza tumbo kwa kamera, miaka kadhaa. Siwezi kukuambia unaumwa nini kwa kusoma tu ila wiki saba za damu na ute na kupungua uzito hazisubiri tena, hii wiki nenda kwa daktari wa mfumo wa chakula, au uombe rufaa.

Tarajia choo kupimwa amiba na bakteria, na kwa kuwa umemeza antibiotiki waambie wapime na Klostridioidesi difisile, ni bakteria anayependa kuingia baada ya dawa hizo na anaharisha vibaya. Kuna kipimo kingine cha choo kinaitwa kaliprotektini, kinaonyesha kama utumbo una uvimbe kweli. Damu wataangalia wingi wake, maana wengi wanakuja wamepungukiwa damu na hawajui, wanadhani ni uchovu wa kazi. Halafu kolonoskopi, mrija wenye kamera unaopita njia ya haja kubwa, wanachukua vinyama vidogo vya kupima. Hapo ndo jibu linapatikana, na ndo inapotenganishwa na ndugu yake ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kukaa popote kuanzia mdomoni na unaruka ruka sehemu. Watu wanaogopa kamera, lakini karibu wote niliowahudumia walisema kazi ilikuwa ile dawa ya kusafisha tumbo siku ya kabla.

Sasa hili lisome mara mbili tafadhali. Ukifika mara 6 au zaidi kwa siku zenye damu, na juu yake una homa kupita 37.8, au mapigo ya moyo yanapita 90 umekaa tu, au tumbo limejaa limekaza linauma hata kuguswa, usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Utumbo unaweza kutanuka mpaka kupasuka. Na kwa hali uliyonayo usinunue dawa za kufunga kuharisha kama loperamidi, zinaweza kuusukuma utumbo uliovimba vibaya kwenye hatari hiyohiyo. Unaenda mara ngapi kwa siku sasa hivi?

Usingizi_Haba

Asanteni sana, yaani nimesoma machozi yananilenga. Nesi naenda kama mara 5, homa sina. Nimeshaandika kila kitu kwenye karatasi kama kaka alivyosema.

Kuna kitu sikusema kwa sababu nilidhani hakihusiani. Magoti na kifundo cha mguu vinauma na kuvimba kama wiki tatu hivi, nimekuwa nikimeza diklofenaki karibu kila siku. Inahusiana? Na kuna mtu kaniambia ni chakula ndo kimenichoma utumbo, niache karibu kila kitu ninywe dawa za mizizi tu siku 40.

Nesi_wa_Kamera

Inahusiana sana na umefanya vizuri kusema. Viungo kuuma, macho kuwa mekundu na kuuma, vinundu vyekundu vyenye maumivu miguuni, vidonda mdomoni, vyote vinaweza kutembea na huu ugonjwa, na viungo vya miguuni mara nyingi vinatulia utumbo ukitulia. Jicho likiuma na mwanga ukakusumbua usikae nalo hata siku mbili, linahitaji daktari wa macho.

Diklofenaki acha leo. Hiyo pamoja na ibuprofeni na ndugu zake zinaweza kuuamsha ugonjwa au kuuzidisha. Maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo chake mpaka uonane na daktari, na mwambie ulikuwa unameza nini na kwa muda gani.

Mwaka_wa_11

La chakula ngoja niliseme mimi maana limenigharimu. Chakula hakikukuletea na hakuna chakula kinachoponya, yeyote anayekuambia vinginevyo muulize ana ushahidi gani. Ila ugonjwa ukiwa umeamka kuna vitu vinaongeza mateso, na kila mtu ana vyake. Mi mboga mbichi, mbegu mbegu na maganda ya matunda siyagusi wakati huo, nakula kidogo kidogo mara nyingi, vitu laini, nakunywa maji sana na ile dawa ya chumvi na sukari nikiharisha mno. Maziwa kwangu hayana shida kabisa, nina mwenzangu yeye hata tone moja linamtoa mbio. Nilichofanya ni daftari, miezi miwili naandika nilichokula, usingizi, mawazo, na choo mara ngapi. Ukitulia unarudisha vyakula vyako taratibu. Nilipowahi kuacha karibu kila kitu nilikonda mpaka daktari akawa anatibu utapiamlo na siyo utumbo. Na we tayari kilo 5 zimeenda, huna za kuchezea. Ile ya kutokunywa maji ili usiaibike niliifanya pia, matokeo yake kizunguzungu, kuhara kwenyewe hakukupungua. Beba nguo ya ndani ya akiba na karatasi kwenye begi, jua vyoo viko wapi njia unayopita, mwambie mtu mmoja unayemwamini kazini. Hivyo vitatu vilinirudishia uhuru kabla dawa hazijaanza kufanya kazi.

Mizizi achana nayo, hujui inafanya nini kwenye kidonda kibichi na itamchanganya daktari.

Halafu kubwa kuliko yote, ndo nililotaka kukuambia tangu mwanzo. Huu ugonjwa unalala na unaamka. Ukilala unajisikia mzima kabisa, utajiuliza unameza dawa za nini. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa safi miezi minane, nikaacha vidonge bila kumwambia mtu. Baada ya muda damu ikarudi, na safari hiyo ilipanda juu zaidi kuliko mwanzo, nikalazwa siku tisa kwa sindano za steroidi. Mateso yale ningeweza kuyaepuka. Dawa unazomeza ukiwa mzima ndo zinazokufanya uendelee kuwa mzima. Nikisahau siku moja sijilaumu, naendelea kesho yake, ila kuacha kwa uamuzi wangu sitarudia.

mama_subira

Naongezea la steroidi maana hakuna aliyenitayarisha. Prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge, inafanya kazi haraka, kwangu damu ilikata ndani ya wiki, nikaona huu ndo uponyaji. Siyo ya kukaa nayo. Uso unavimba, usingizi unakimbia, njaa haiishi, hasira za ajabu, na ukikaa nayo muda mrefu inaumiza mifupa. Kazi yake ni kuzima moto, ya kuulinda usiwake tena ni dawa nyingine. Na haikatwi ghafla hata kama umechoka nayo, inapunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari.

Kwa kina dada wanaosoma kimyakimya, mi nimezaa wawili nikiwa na ugonjwa huu. Daktari alisema tusubiri utulie kwanza ndo nishike mimba, na dawa niliendelea nazo nyingi, siyo zote maana methotreksati kwa mfano hairuhusiwi kabisa. Ongeeni na daktari kabla, msiache dawa kwa hofu.

Mfuko_na_Mimi

Na mimi niseme kidogo. Kwangu vidonge viligoma, azathioprini ya kutuliza kinga ya mwili ikagoma, infliksimabu, nayo ya kutuliza kinga, ikanisaidia mwaka mmoja na nusu ikaisha nguvu, nikaondolewa utumbo mpana wote, natumia mfuko wa choo unaobandikwa tumboni. Sikuandiki kukutisha, wengi hawafiki huku. Nakuandikia kwa sababu niliuogopa upasuaji huu miaka mitatu, na miaka hiyo mitatu niliishi chooni. Sasa nasafiri, nalala. Ukisikia unatajwa siku moja usidhani maisha yameisha.

Usingizi_Haba

Jamani nimerudi baada ya wiki nne. Choo hakikuwa na amiba wala bakteria. Kaliprotektini ilikuja zaidi ya 900, yaani utumbo una uvimbe kweli. Kamera wamefanya Jumanne iliyopita, ni kolaitisi ya vidonda kweli, imefika upande wa kushoto, juu ya hapo utumbo ni msafi. Siku ile nililia, lakini nilipomaliza kulia nikaona angalau sasa ina jina.

Nimepewa mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, ya vidonge na ya maji ya kuingiza nyuma kila usiku. Daktari kasema inaweza kuchukua wiki kadhaa, figo zitakuwa zinapimwa, na baada ya miaka 8 nitaanza kufanyiwa kamera za kuchunguza kansa kwa ratiba. Diklofenaki niliacha siku ileile na goti moja limeshapungua. Naenda mara 3 sasa.

Swali moja, aibu nimeiacha mlangoni. Hii dawa ya maji haikai, nikiingiza dakika tano nakimbia chooni inatoka yote. Nafanya vibaya?

Mwaka_wa_11

Hongera kwa kufika hapo mdogo wangu, na hufanyi vibaya, wote tulianza hivyo, puru lililovimba halipendi kitu. Nenda chooni kwanza. Pasha chupa moto kidogo kwa viganja au uiweke kwenye maji ya uvuguvugu, ya baridi inaleta kubana palepale. Lala ubavu wa kushoto, goti la kulia likunje, minya polepole sana, halafu usiinuke, kaa hivyohivyo nusu saa, tandika taulo chini uache kuwaza shuka. Ikikaa dakika kumi leo, wiki ijayo itakaa saa nzima. Ikishindikana kabisa mwambie daktari, kuna ya povu ambayo wengi wanaiona rahisi kuishikilia. Vidonge peke yake usimalizie navyo, ile ya nyuma inafika palepale panapouma.

Usingizi_Haba

Usiku wa jana nusu saa imekaa. Nimeamka mara moja tu.