MREJESHO: Fungate Maldives, ndege ya jioni au ya asubuhi?

Niliuliza kama kutua Malé jioni kunafaa kwa anayekwenda kisiwa cha mbali. Asanteni sana wakuu, tumehamia ndege ya asubuhi. Ndege ndogo zinazotua majini, zinazokutoa Malé hadi kisiwani, huruka mchana tu, maana rubani lazima auone uso wa maji. Ukifika baada ya saa tisa na nusu alasiri, mara nyingi utalala Malé kwa gharama yako, na kule kisiwani chumba kinahesabiwa vilevile. Hilo linauma! Mzigo kwenye ndege hizo ndogo ni kilo 20, na 5 za mkononi. Bei ya hoteli isomeni hadi mwisho: kodi ya 17%, huduma 10%, na kodi ya mazingira dola 12 kwa mtu kwa siku.