Je, mngerudia shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha utafiti?

Swali

Ndugu wanajukwaa, imetimia miaka kumi tangu nihitimu shahada ya kwanza ya fizikia katika chuo kikuu kinachosifika kwa utafiti. Mdogo wangu amepata nafasi katika chuo cha aina hiyo, na ameniuliza kama ningerudia, nimeshindwa kumjibu. Nakumbuka zoezi la kwanza liliporudishwa likiwa na alama 7 kati ya 40, mimi niliyezoea kuongoza darasa tangu utotoni, na jinsi nilivyoikunja ile karatasi mara nne nikaitia mfukoni ili jirani yangu asiione. Mhadhiri wetu alikuwa mtafiti wa kupigiwa mfano, lakini aliandika ubaoni huku ametupa mgongo, na kipindi kikiisha alirejea maabara yake. Kwenu mliopita huko, mlichokipata kinalingana na usingizi na afya mliyoipoteza?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, chuo cha utafiti hakipimwi kwa mihadhara. Wazo lililoenea kutoka Berlin, ambako Wilhelm von Humboldt alishiriki kuasisi chuo kikuu mwaka 1810, ni kwamba kufundisha na kutafiti ni kazi moja, na mwanafunzi hujifunza kwa kukaa karibu na mtu anayetafuta asichokijua. Tatizo ni kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza mara nyingi hukaa mbali na mtu huyo. Ndiyo maana nauthamini mpango wa UROP ulioanzishwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, mwaka 1969 na Margaret MacVicar, unaowaingiza wanafunzi hao katika miradi halisi ya watafiti.

Chuoni kwetu hapakuwa na mpango kama huo, kwa hiyo mwaka wa pili nilikwenda kubisha hodi mwenyewe. Kwa wiki kadhaa nilioshea wengine vyombo vya kioo, kisha nikapewa mmumunyo mmoja niupime, na kila siku vipimo vyangu vilitofautiana. Nilimpelekea msimamizi daftari nikitarajia karipio. Alivuta stuli, akasoma kurasa zote, akasema hata yeye hajui sababu, tuanze na mizani. Mizani ilikuwa imewekwa chini ya tundu la kipoza hewa, na upepo ulikuwa ukiitikisa. Kwangu mchana ule ulizidi mihadhara ya mwaka mzima, na kwa ajili yake ningerudia yote.

Jibu la pili

Namwelewa aliyetangulia, lakini si kila mlango unaobishwa hufunguliwa. Mimi nilibisha mitatu bila kujibiwa, na mwaka huohuo nikafeli masomo mawili nikalazimika kuyarudia. Kilichoniumiza zaidi ni kuamini kwamba ni mimi peke yangu niliyeelemewa, kwa kuwa kila mmoja wetu alificha alama zake. Katika chuo hichohicho cha MIT, somo ambalo mwanafunzi mpya amefeli katika muhula wa kwanza haliingizwi katika rekodi inayotoka nje ya chuo, na naona huo ni utu na pia ni busara, maana miezi ile mtu anajifunza namna ya kusoma upya kabisa. Mwambie mdogo wako aende ofisi ya ushauri mapema, kabla hajaanza kukosa vipindi. Mimi nilichelewa, na mpaka leo usingizi wangu haujatulia.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Maneno ya kufichana alama yamenigusa, kwa sababu muhula wa tatu nilijiunga na wenzangu watatu tuliokuwa tukikokotoa mazoezi pamoja kila Alhamisi usiku, ndipo nikagundua kwamba wawili kati yao nao walipata chini ya 10 katika zoezi lile. Tulikuwa tumeketi safu moja wakati wote huo. Jioni hii nitampigia mdogo wangu simu, na nitaanza na ile karatasi, ambayo sijawahi kumwonyesha mtu yeyote wa nyumbani.