Pikipiki inalia kama panya nyuma, naomba ushauri

Wakuu, habari. Bodaboda yangu ya cc 125 ina wiki sasa inapiga mlio mwembamba, "kwii kwii", kila ninapoongeza mafuta. Nikibana klachi ikiwa kwenye mwendo, mlio unapungua lakini hauishi. Breki ya nyuma nimeilegeza, bado.

Cheni nimeisafisha, nikaipaka oili na kuiacha icheze sentimita 2.5. Ajabu, nikiisimamisha kwa stendi mbili na kuzungusha tairi kwa mkono, kuna sehemu cheni inakaza, kisha inalegea. Fundi wangu ameng'ang'ania beringi ya sproketi ya nyuma, ile gia ya meno inayozungushwa na cheni (huyu kila ugonjwa ni beringi). Mimi nashuku cheni imevutika. Nibadilishe seti nzima ya cheni na sproketi zake, au nifungue beringi kwanza?