Naomba ushauri: Je, vichekesho vya sinema ya zamani vimesifiwa kupita kiasi?

Mwalimu wa Majengo:
Wanabaraza, asalaam aleikum. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huwaonyesha vijana wa mtaani kwetu filamu katika ukumbi mdogo tulioazimwa. Mwezi uliopita niliwachagulia The Gold Rush ya mwaka 1925, kwa kuwa kila nilichowahi kukisoma kuhusu Charlie Chaplin kilinihakikishia kwamba hakuna atakayeitazama asicheke. Vijana wapatao thelathini walikaa kimya kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Pale anapopika kiatu na kuzungusha kamba zake kwenye uma kana kwamba ni tambi, mmoja aliniuliza kwa adabu kama filamu imeharibika, na wawili wakatoka kwenda kununua viazi karai wasirudi tena. Mimi mwenyewe, nikisema kweli, nilicheka mara mbili tu. Je, filamu hizi zinaheshimiwa kwa mazoea, au kuna jambo lililonipita? Niendelee nazo mwezi huu, au niache?

Msafiri wa Likoni:
Waonyeshe Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya, Mwalimu. Usijitese.

Mzee wa Kibokoni:
Waaleikum salaam, Mwalimu. Kabla hatujamhukumu marehemu, tueleze uliionyeshaje. Filamu nyingi za wakati ule zilipigwa kwa kamera za kuzungushwa kwa mkono, mara nyingi fremu (picha moja moja) 16 hadi 20 kwa sekunde, ilhali mitambo iliyokuja na filamu za sauti ilitulia kwenye 24. Kwa hiyo nakala isiyorekebishwa huwakimbiza watu kama siafu waliomwagiwa maji moto, na mzaha unaotegemea mtu kusita kidogo hupotea kwa kuwa hapati nafasi ya kusita. Tena filamu bubu haikuonyeshwa kimya: palikuwa na mpiga piano, na katika kumbi kubwa bendi nzima. Chaplin mwenyewe aliitoa upya filamu hiyo mwaka 1942 ikiwa na muziki na masimulizi ya sauti yake.

Mwalimu wa Majengo:
Ahsante, mzee wangu. Naona haya kukiri kwamba nakala niliyoipata haikuwa na sauti yoyote, nami nikadhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Bint Tudor:
Shikamoo Mzee. Nakubali hoja yako, lakini tusiutupe mzigo wote kwenye mtambo. Mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliitangaza Some Like It Hot ya mwaka 1959 kuwa kichekesho bora kuliko vyote vya Marekani. Nimeitazama mara mbili. Wanamuziki wawili wanaojivika nguo za kike ili kuwakimbia majambazi ni wazo zuri, ila sehemu kubwa ya utani wake imo katika kuchezea maneno ya Kiingereza, na tafsiri iliyo chini ya skrini huufikisha ukiwa umepoa kama chai ya jana. Hiyo naiita imesifiwa kupita kiasi, angalau kwa mtazamaji wa huku kwetu. (Vitimbi nayo tunaisifu sisi tuliokulia nayo, waonyeshe vijana hao uone.)

Buster Keaton, mchekeshaji mwingine wa filamu bubu wa zama za Chaplin, ni habari nyingine. The General, ambayo leo inaitwa kazi yake kuu, haikupokewa vizuri ilipotoka, kwa hiyo huwezi kusema sifa zake zimerithiwa bila kuhojiwa. Mwalimu, anza na dhoruba ya mwisho wa Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ambapo ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia Keaton, naye anasalimika kwa kuwa amesimama mahali palipopimwa ili tundu la dirisha limpitie. Ukuta ulikuwa wa kweli, na Keaton hakunji uso hata kidogo. Hapo hapahitaji tafsiri.

Mwalimu wa Majengo:
Basi nitaonyesha kipande hicho peke yake. Nina binamu anayepiga kinanda katika kikundi cha taarab. Je, nimwombe aje apige ukumbini?

Mzee wa Kibokoni:
Mlete, ila aitazame filamu mara kadhaa kwanza, na asipige wimbo wowote ambao watu wanayajua maneno yake. Wataanza kuimba, wamsahau Keaton.