Mjadala: Ushindi wa dauni ya tano, Colorado walipaswa kuurudisha?

Mkazi wa Denver

Wakuu, heshima kwenu. Naleta ugomvi wa sebuleni uamuliwe humu, maana jana tumeachana bila kuagana vizuri.

Nipo Colorado mwaka wa kumi na moja sasa. Nilipofika, huu mpira wao wa vyuo niliuona kama watu wazima wenye helmeti wanaogombania embe. Siku hizi Jumamosi ikifika nina jezi yangu, nina kiti changu, na simu sipokei. Jana kwa jamaa yetu, sahani za pilau zikiwa bado mezani, kijana wake akaiweka kwenye runinga mechi ya Colorado na Missouri ya tarehe 6 Oktoba 1990. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Kwa wasioujua huu mchezo: timu yenye mpira hupewa majaribio manne, kila moja wanaliita dauni. Ukishindwa la nne, mpira ni wa mwenzio. Pembeni ya uwanja husimama mtu na mti wenye namba, anageuza 1, 2, 3, 4, ili kila mtu ajue mmefika wapi.

Colorado walikuwa ugenini, mjini Columbia, wako nyuma 31 kwa 27, na dakika ya mwisho inayoyoma. Wamefika yadi 3 kutoka mstari wa goli. Jaribio la kwanza, kwotabeki wa akiba (kwotabeki ndiye mchezaji anayeongoza mashambulizi), Charles Johnson, akaubamiza mpira chini makusudi. Hiyo inaruhusiwa, inasimamisha saa, ila jaribio moja limekwenda. La pili, Eric Bieniemy akajitosa na mpira, akazuiwa yadi 1 nje ya mstari. Colorado wakaomba mapumziko, saa inasoma sekunde 18. Katika mapumziko yale mwenye mti akasahau kugeuza namba. Mti ukabaki unasema 2. La tatu, Bieniemy tena, ukuta tena. La nne, Johnson akaubamiza mpira chini, zimebaki sekunde 2.

Kwa haki, hapo mpira ni wa Missouri na watu wanakwenda nyumbani. Lakini mti ulisema hilo ni la tatu tu! Wakapewa jingine, Johnson akajirusha mstarini, mwamuzi akainua mikono. 33 kwa 31. Na wenyeji wanaapa mpaka leo kwamba hata huo mstari hakuuvuka.

Waamuzi walisimamishwa, matokeo hayakuguswa. Colorado waliendelea mpaka mechi ya Orange Bowl ya mwisho wa msimu, wakawafunga Notre Dame 10 kwa 9, na kura za waandishi za shirika la habari la AP zikawapa ubingwa wa taifa. Kura za makocha ziliwapa Georgia Tech.

Msimamo wangu, na nauandika nikiwa nimevaa jezi yao: walipaswa kuurudisha ushindi ule. Msiniambie haiwezekani, maana iliwahi kufanyika. Tarehe 16 Novemba 1940 Cornell, ambao hawakuwa wamefungwa katika mechi 18, waliifunga Dartmouth 7 kwa 3 kwa jaribio la tano namna hiyo hiyo. Wakaangalia filamu, mwamuzi Red Friesell akakiri amekosea kuhesabu, Cornell wakapeleka telegramu Dartmouth: ushindi chukueni. Vitabu vimeandika Dartmouth 3, Cornell 0. Karibuni.

Fundi Saa

Mkuu, nimekusoma vizuri, ila kwenye jaribio la nne umepita mbio. Rudisha nyuma, uangalie polepole.

Kwa nini Johnson aliubamiza mpira chini? Hakuna kwotabeki mwenye akili timamu anayelitupa jaribio lake la mwisho akiwa yadi 1 kutoka golini. Aliubamiza kwa sababu mti ulisema 3. Mti ungesema 4, Colorado wangecheza mchezo wa kweli pale pale. Wangefunga? Wangezuiwa? Hatujui. Kwa hiyo kosa la mwenye mti liliwapotosha Colorado pia. Wewe unasema "jaribio la nne walishindwa", mimi nasema hawakulijaribu.

Sasa angalia Cornell. Pasi yao ya nne ilitupwa kwa nia ya kufunga, ikapanguliwa, ikaanguka. Walijaribu, wakashindwa, kisha wakapewa zawadi. Kurudisha zawadi ni jambo la heshima na ni rahisi, kwa sababu unajua kabisa mechi ingeishaje. Ya 1990 hakuna anayejua ingeishaje, mnataka kurudisha kitu gani?

Halafu mkishafungua mlango huu, mtaufungia wapi? Oktoba 15, 2005, USC waliwafunga Notre Dame 34 kwa 31 sekunde za mwisho, Matt Leinart akisukumwa mgongoni na Reggie Bush mpaka ndani. Wakati ule sheria ilikataza kumsukuma mwenzako mwenye mpira. Hakuna aliyerusha kitambaa cha faulo, na sheria yenyewe ikaja kulegezwa baadaye. Nayo tuirudishe?

Mgeni wa Helmeti

Samahani wakubwa, nauliza tu. Kwani hawana VAR?

Mjukuu wa Ujiji

Mdogo wangu, wakati ule hawakuwa nayo. Ligi ya Big Ten walianza kutumia marudio ya video msimu wa 2004, wengine wakafuata. Ila usidhani video inamaliza maneno. Oktoba 31, 2015, Duke wanaongoza 27 kwa 24, zimebaki sekunde 6, Miami wanarudisha mpira wa kuanzia kwa kupasiana nyuma mara nane, mpaka golini. Picha zinaonyesha goti la mchezaji mmoja wa Miami liligusa chini kabla hajauachia mpira, na saa ilikuwa imekwisha, maana yake mchezo ulishakufa pale. Wamekaa kwenye video dakika na dakika, wametoka wakasema goli! 30 kwa 27. Kesho yake ligi ya ACC ikatangaza waamuzi wamekosea, ikawafungia mechi mbili. Matokeo? Yako vile vile.

Ukitaka kurudisha matokeo bila ruhusa ya mtu, jifunze kwa Stanford. Mwaka 1982 California waliwafunga 25 kwa 20 kwa mchezo wa kupasiana uliomalizikia katikati ya bendi ya Stanford, iliyokuwa imeshaingia uwanjani na matarumbeta kusherehekea. Timu hizi zinagombania shoka. Shoka likiwa California, kibao chake kinasomeka 25 kwa 20. Likihamia Stanford, wanakibadilisha: Stanford 20, California 19. Hawajawahi kukubali.

Mama Kahawa

Nimecheka hilo la shoka, ila nirudi kwenye hoja.

Fundi Saa, kaka yangu, hoja yako ya kubamiza mpira ndiyo nzito kuliko zote humu, na nakupa haki yako. Lakini unaongea kana kwamba mti ndiye kocha wa Colorado. Benchi zima lile, wasaidizi, wachezaji, hakuna hata mmoja anayeweza kuhesabu mpaka nne? Mimi nina duka, mteja akinilipa zaidi siwezi kujitetea kwamba yeye ndiye aliyekosea kuhesabu.

Na kuna jambo mmelipita. Rais wa Cornell mwaka 1940, Edmund Ezra Day, alisoma Dartmouth. Kocha wa Colorado mwaka 1990, Bill McCartney, ujanani alichezea Missouri. Yaani wote wawili ushindi waliokuwa wameushika ulitoka kwenye nyumba iliyowalea. Mmoja chuo chake kikaurudisha. Mwingine, siku zile, malalamiko yake yalikuwa uwanja unateleza! Miaka ilipopita McCartney alikuja kusema anajutia, na ametangulia mbele za haki Januari 2025, Mungu ampumzishe. Lakini majuto bila kurudisha kitu, sisi kwetu tunayaitaje?

Kuhusu mlango utafungwa wapi, mbona ni rahisi? Septemba 10, 2016, Oklahoma State wanaongoza 27 kwa 24, jaribio la nne, kwotabeki wao anautupa mpira mbali ili saa iishe. Imeisha. Ni faulo, ndiyo, lakini kwa kanuni mchezo umekwisha. Waamuzi wakawapa Central Michigan jaribio moja la ziada wasilostahili, wakafunga, 30 kwa 27. Siku ile ile ligi zikakiri kosa. Pale hakuna "ingekuwaje", Fundi. Hakukuwa na kitu kilichobaki kuchezwa. Kosa la namna ile, lililokuja baada ya mechi kufa, matokeo yarudishwe na wakubwa wenyewe, wasisubiri utu wa mtu. Faulo za katikati ya mchezo, kama hiyo ya Bush, ziachwe zilivyo.

Fundi Saa

Dada, kwa kipimo hicho chako Duke wanarudishiwa, Oklahoma State wanarudishiwa, na Colorado wanabaki na ushindi wao. Maana lile kosa la mti lilitokea kabla ya jaribio la tatu, mechi ikiwa hai. Nakushukuru kwa kunisaidia.

Mama Kahawa

Sikusaidii. Wakubwa wasingerudisha, sawa. Colorado wenyewe je? Cornell hawakulazimishwa na mtu.

Mpiga Filimbi

Naomba niwatetee waamuzi kidogo, nimechezesha mpira wa miguu daraja la chini miaka sita. Wote tunajua pointi za mezani zilivyotutesa kule nyumbani. Ligi inaisha Jumapili, bingwa anapatikana Alhamisi ofisini. Mkiruhusu mezani, kila anayefungwa atakuja na video yake. Mwamuzi aadhibiwe, kosa litangazwe wazi, mechi ibaki.

Na mara nyingine kurekebisha kosa hakumsaidii aliyeomba. Novemba 30, 2013, Alabama na Auburn wako 28 kwa 28, saa inasoma sifuri. Kocha Nick Saban wa Alabama akadai irudishwe sekunde moja. Video ikakubali. Akaitumia sekunde hiyo kupiga goli la mguu la yadi 57, likawa fupi, Chris Davis wa Auburn akaudaka kwenye kina cha goli lake akakimbia uwanja mzima. 34 kwa 28. Sekunde aliiomba mwenyewe!

Mtu wa Missouri

Nyie mnaongea kama mnasimulia vita vya zamani. Mimi naishi Columbia, nimekuja na familia kutoka kambini Nyarugusu, sikuwepo 1990. Ghalani kazini kwetu kuna mzee mmoja alikuwepo uwanjani siku ile. Mtu mpole sana, ndiye aliyenifundisha kuendesha folklifti. Lakini ukitaka masanduku matano, mwambie kwa mdomo. Wiki yangu ya kwanza nilimwonyesha vidole vitano, akageuka akaondoka. Nikadhani nimemtukana kwa mila zao.

Kwangu mimi huo ndio ushahidi kwamba walipaswa kurudisha.

Mkazi wa Denver

Nimeangalia tena ile ya nne, mara tatu. Fundi Saa, umenitikisa, nakiri. Sisemi tena kwamba ligi ilipaswa kubadili matokeo. Lakini kuhusu Colorado wenyewe bado nipo na Mama Kahawa, na jezi sivui. Mtu wa Missouri, huyo mzee msomee uzi huu, tusikie anasemaje.

Mtu wa Missouri

Nimemsomea wakati wa chai, namfasiria mstari kwa mstari. Kwenye Cornell alitikisa kichwa taratibu. Kwa Mama Kahawa alisema huyo mama angefaa kuwa kamishna. Nilipofika kwenye hoja ya kubamiza mpira aliweka kikombe chini, akaniuliza huyo Fundi Saa anaishi mji gani.