Wauza chesisi Kampala mnagombania pesa zetu tu, gari likipasuka hamtujui

Wadau hamjambo, naomba mnisome mpaka mwisho maana hasira hii nimekaa nayo wiki tatu na leo imejaa. Kempa yetu, lori dogo lenye nyumba ya kulala juu, ile mimi na mama watoto tunakodishia wageni wa mbugani, iko gereji Ndeeba hapa Kampala juu ya magogo, chesisi imepasuka. Sio bodi, sio injini, chesisi yenyewe, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote, reli yake, ule mhimili mrefu wa upande wa dereva, ina ufa wa kiganja kizima nyuma kidogo ya kabini. Na mpaka leo naandika hapa hakuna mtu hata mmoja Kampala amekubali kwamba hilo ni lake.

Tulinunua mwaka 2021, lori dogo jipya, kabini na chesisi tupu, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Tuliwaambia mbele ya meneja wa mauzo kwamba hatubebi matoke wala saruji, tunajenga nyumba juu, vitanda, jiko la gesi, choo, tangi la maji. Wakasema hakuna shida boss, hiki ni chuma cha Japani. Tukalipa, tukapeleka gari kwa wajenzi wa bodi, vijana wazuri na kazi yao ya mbao na alumini ni safi kabisa, wakafunga. Murchison tumeenda, Queen Elizabeth tumeenda, Mburo, Kisoro na zile kona zake, gari linapanda tu.

Sasa mwezi uliopita tunatoka Kidepo na familia ya wageni, watoto wawili wadogo nyuma, barabara ya vumbi yenye matuta yale ya mfululizo yanayotingisha mpaka meno, tukasimama kabla ya Kitgum mama watoto aandae chai akaniambia mlango wa choo haufungi. Nikadhani ni bawaba. Nikasukuma, ukagoma, nikaangalia juu nikaona fremu ya mlango imekaa mshazari, basi moyo ukaniruka nikaingia chini ya gari na tochi, banange, nikaona ule ufa. Watoto wa watu walikuwa wanalala juu ya kile kitu! Tulitembea kilomita ishirini kwa saa mpaka Kitgum mjini, wageni nikawatafutia gari lingine, pesa yao ya siku zilizobaki nikarudisha yote, na sijuti kuirudisha.

Kampala nikaenda kwa walioniuzia. Nilikaa kwenye benchi masaa matatu, akaja kijana na simu akapiga picha mbili, akarudi ndani, akatoka na jibu: waranti haipo, umeweka bodi, nenda kwa mjenzi wa bodi. Hata kuinama chini ya gari hakuinama vizuri. Nikaenda kwa wajenzi, nao wakasema boss sisi tumefunga juu tu, chuma kimepasuka ni chuma chao. Yaani huyu anasema yule, yule anasema huyu, na mimi nimebaki katikati na gari la mkopo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja makanika hapo Ndeeba, amefanya malori miaka mingi. Alinionyesha kwa mkono wake. Chesisi ya lori imetengenezwa ijipinde, tairi moja ikiingia shimoni reli zinapindana kidogo halafu zinarudi, ndiyo kazi yake. Nyumba haijipindi, ni boksi gumu. Ukilifunga boksi gumu juu ya chuma kinachojipinda bila kuweka nafasi ya kucheza, yaani springi au raba kwenye vishikizo vya mbele vinavyoshika bodi kwenye chesisi, lazima kimoja kipasuke. Halafu ile fremu ndogo ya katikati, inayokaa kati ya chesisi na bodi, yetu imekatwa mbele wima kama kisanduku, wakati ilitakiwa ichongwe ipungue polepole ili nguvu isigonge sehemu moja. Na ufa uko palepale fremu ndogo inapoishia, hauna hata haya. Zaidi ya hapo kuna matundu mawili yametobolewa kwenye mdomo wa reli, juu, pale ambapo hutakiwi kutoboa kabisa, ukitoboa toboa ubavuni.

Nikamuuliza mzee, haya mambo yameandikwa wapi? Akasema kila kiwanda kina kitabu cha wajenzi wa bodi, utoboe wapi, uchomelee wapi, utoe waya wa betri kabla ya kuchomelea usije ukaua kompyuta ya gari, uzito wa ekseli ya mbele mwisho kiasi gani na ya nyuma kiasi gani. Nikarudi kule dukani nikauliza kitabu. KIPO. Kipo kwenye kompyuta yao, kimekuwepo siku zote, akakifungua mbele yangu. Nikamuuliza kwa nini 2021 hamkunipa wala hamkumpa mjenzi wangu na mlijua najenga kempa? Akaniambia hukuomba. Jamani. Mtu anayenunua lori mara ya kwanza maishani ataombaje kitabu ambacho hajui kama kipo?

Jambo lingine ni uzito, na hili ninyi wenye kempa mlisikilize kwa masikio mawili. Hakuna aliyewahi kuniambia nipime ekseli moja moja. Nilipopima, na tangi limejaa na mizigo ya safari, nyuma ilikuwa imezidi kilo mia tatu na mbele iko nyepesi, maana tangi la lita 200 tumeliweka nyuma kabisa ya ekseli na hilo ni kilo 200 za maji peke yake, ukiongeza gesi, betri na tairi ya spea pale nyuma, pua ya gari inataka kuinuka. Jumla ya gari ilikuwa ndani ya kiwango! Ndiyo maana mizani ya njiani haikuwahi kutusumbua na sisi tukajiona tuko salama. Lori la saruji linashusha mzigo linarudi tupu, springi zinapumzika. Kempa imebeba nyumba yake usiku na mchana, hata ikiwa imepaki nyumbani springi ziko kazini. Muuzaji anayejua kazi yake angesema mzee kwa matumizi hayo chukua yenye springi nzito na ekseli kubwa, ongeza milioni kadhaa. Tungeongeza.

Basi nikasema wacha niende kwa mshindani wao, pengine wale ni watu. Chai nikapewa, karatasi za rangi nikapewa, yule dada wa mauzo akaisema vibaya chuma ya wenzake mpaka nikaanza kupata matumaini. Nikamuuliza swali moja tu: nikinunua kwenu nikajengea nyumba juu, chesisi ikipata shida Kitgum, nani atakuja? Akaenda kuuliza ndani. Akarudi na maneno yaleyale, waranti inategemea bodi. Nikauliza kitabu cha wajenzi wa bodi, hakujua ni kitu gani.

Hapo ndipo nimechoka. Hawa watu wanashindana kwenye bei, rangi na miezi ya mkopo, halafu siku unatoka getini wanakuwa kitu kimoja, wote hawakujui.

Na msiniambie kote duniani ni hivyo. Nimesoma sana wiki hizi usingizi ukikataa. Kule Marekani gari-nyumba kubwa nalo linajengwa hivyohivyo, mmoja anatoa chesisi mwingine anajenga nyumba. Ford wana F-53, inatoka kiwandani bila hata kabini, ni reli, injini, usukani na magurudumu. Freightliner wana kiwanda cha chesisi kule Gaffney, South Carolina, Spartan nao walikuwa Charlotte, Michigan. Kwa sababu wanagombania mwenye gari na sio mjenzi peke yake, Freightliner waliweka mpaka kozi ya wenye magari-nyumba, unaingia darasani unafundishwa chesisi yako, breki zake, grisi yake, uzito wake, na wana namba ya simu ya msaada. Mtu wa mauzo hapa kwetu akikupa namba yake, baada ya mwezi haipokelewi. Sio kwamba kule ni peponi. Workhorse walikuwa wauzaji wakubwa wa chesisi za aina hiyo, kampuni ya malori ya Navistar ikawanunua 2005, 2012 uzalishaji ukasimamishwa, na wenye magari wakabaki kuhangaikia spea. Kwa hiyo hata kule mwenye gari anaumia muuzaji akiondoka. Ila angalau walipokuwepo sokoni walijua kwamba anayelala ndani ya lile gari ni mteja wao.

Sisi hatuombi darasa la kifahari. Kitabu kile kitoke kwenye kompyuta kije kwa mjenzi siku ileile chesisi inatoka, na fundi wenu mmoja aje gereji aangalie vishikizo kabla nyumba haijafungwa, aweke sahihi, mtoze hata laki tano tutalipa. Akishaweka sahihi msiniambie tena habari ya waranti imekufa. Na spea jamani, bushi za springi na vitu vya breki za gari mnaloliuza ninyi wenyewe, kwa nini navipata soko la spea la Kisekka kabla sijavipata kwenu, na cha Kisekka sijui kama ni cha kweli au cha bandia, na mimi nashuka nacho milima ya Kabale na watoto wa watu ndani? Atakayeanza kufanya haya kati yenu ninyi wawili, mimi mwenyewe namletea wateja, watu wa utalii tunajuana na tunaambizana.

Jumatatu narudi pale dukani na mzee makanika, na picha, na karatasi ya mizani, na yule kijana mjenzi wa bodi amekubali kuja, nataka wote wakae meza moja mbele yangu kila mtu aseme sehemu yake. Kama kuna mdau hapa amewahi kukata na kuunga reli ya lori dogo la tani sita ikakaa, aniambie fundi ni nani na alitumia bamba la unene gani, maana mzee anasema kuchomelea tu bila bamba ubavuni itapasuka tena kabla hatujafika Karuma. Na kama una kempa yako iko nyumbani, leo hii chukua tochi uingie chini uangalie nyuma ya kabini, pande zote mbili.