Nianze na riwaya gani ya fantasia, na kwa nini wasomaji wake hawakubaliani?

Mdadisi_Umoja:
Wadau, hamjambo. Nataka kuingia kwenye riwaya za fantasia kwa dhati, lakini kila nikiuliza napewa majibu yanayopingana. Mmoja anasema The Lord of the Rings ndiyo mama wa zote. Mwingine anasema inachosha, niende kwa George R. R. Martin, wa tatu hataki kusikia jina jingine ila Brandon Sanderson. Ladha yangu ni hii: napenda hadithi iliyokamilika, majina mengi kwa mpigo hunichanganya, na nasoma zaidi ndani ya matatu, kwa hiyo sura ndefu sana hazinifai. Mfuko ni wa vitabu vya mitumba. Nianze wapi? Na hawa watu hasa wanavutania nini?

Kalamu_ya_Ngara:
Karibu sana. Mvutano wenyewe si wa kitabu kizuri na kibaya. Wanavutania subira: mwandishi anaomba kiasi gani, na anaiomba mahali gani.

Chukua The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, iliyotoka 1954 na 1955. Wanaoiacha hukwama sehemu zilezile. Kwanza ni utangulizi kuhusu Hobbit, watu wafupi wa hadithi hiyo: mila, tumbaku na nasaba, bila tukio lolote. Uruke, utausoma ukimaliza. Halafu kuna baraza nyumbani kwa Elrond, sura ndefu ya watu walioketi wakisimuliana. Hiyo usiiruke, maana sababu ya safari nzima imo humo. Isome nyumbani umetulia. Kinachowaudhi wengi zaidi ni juzuu ya pili, The Two Towers. Nusu yake ya kwanza inawafuata Aragorn na wenzake, na Frodo, Hobbit ambaye ndiye mhusika mkuu, haonekani kabisa. Nusu ya pili inarudi kwa Frodo na mwenzake Sam. Aliyekuwa anasoma kwa ajili ya Frodo huhisi ametelekezwa. Anayeipenda nchi yenyewe, misitu yake, lugha zake na nyimbo zake, anatamani isiishe.

Martin anaomba subira ya namna nyingine. Katika A Game of Thrones (1996), ukiacha dibaji, tunaona mambo kwa macho ya wahusika wanane, na kila sura imeandikwa juu jina la mwenye zamu. Kwa msomaji wa matatu huo ni mpangilio mzuri: unashuka sura imeisha. Nyuma kuna orodha ya koo zote. Chomeka karatasi hapo ili uifikie haraka. Lakini umesema unataka hadithi iliyokamilika. Juzuu ya tano ya mfululizo huo ilitoka 2011, na ya sita bado. Kwa sharti hilo peke yake, mweke kando kwanza.

Ningekuanzisha na The Final Empire ya Sanderson, ya 2006. Hadithi hiyo ilifungwa kwa juzuu tatu, ya mwisho ikatoka 2008. Uchawi wake ni wa kumeza madini na kuyachoma tumboni: chuma huvuta metali iliyo karibu, chuma cha pua huisukuma, bati hunoa macho na masikio. Uzito nao una kazi. Ukisukuma kitu kizito kuliko wewe, utakayerushwa ni wewe. Ndiyo maana wahusika wanadondosha sarafu chini, ardhi inaizuia isiende zaidi, kisha wanaisukuma na kuruka hadi juu ya paa. Ukishaielewa kanuni hiyo, unaanza kukisia mtu atajinasuaje kabla hajajinasua, na raha yote ya riwaya hizi iko hapo.

Mwanahawa_SouthB:
Kalamu, kuhusu Tolkien tuko pamoja. Lakini kumpeleka mgeni kwa Sanderson kwanza ni kumzoesha kwamba uchawi lazima uwe hesabu, na akishazoea hivyo ataviona vitabu vingine vina kasoro ambazo si kasoro.

Ndugu Mdadisi, soma A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya 1968. Ni kitabu chembamba chenye sura kumi, hadithi inaisha humohumo, na mhusika mkuu ni mmoja: Ged, mvulana mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont. Kanuni zipo pia. Anayejua jina la kweli la kitu ana uwezo juu yake, na kila unachokibadilisha kinatikisa mizani ya dunia. Tofauti ni kwamba Le Guin hakuandikii gharama ya kila jambo. Unaogopa pamoja na Ged kwa sababu naye hajui ameachilia kitu gani.

Kinachowashinda wengine ni usimulizi. Mazungumzo ni machache, na miaka kadhaa inaweza kupita katika aya moja. Ukisoma kwa kasi utadhani umepewa muhtasari. Soma polepole, na ukiweza, aya nyingine zisome kwa sauti. Jambo jingine: usimjue Ged kwa jalada. Ndani ya kitabu ngozi yake ni ya kahawia inayoelekea wekundu, na rafiki yake Vetch ni mweusi. Matoleo mengi ya zamani yaliwachora weupe, na Le Guin alilipinga jambo hilo hadharani.

Ukishazoea, jaribu The Fifth Season ya N. K. Jemisin (2015). Ni ya kwanza kati ya juzuu tatu, na zote zilishinda tuzo ya Hugo, ya fantasia na hadithi za kisayansi, mfululizo 2016 hadi 2018. Wanaoitupa huitupa mapema, kwa sababu sehemu moja ya hadithi inamwita mhusika “wewe” mwanzo hadi mwisho. Vumilia, sababu ipo, na sitaitaja hapa.

Vitabu_vya_Inama:
Nyote mmesahau mfuko wake. Kwenye meza za vitabu vya mitumba, barabara za Tom Mboya na Moi Avenue hapa Nairobi, mitego ni hii.

Matoleo mengi ni ya Uingereza, na huko vitabu vinene hukatwa viwili. A Storm of Swords, juzuu ya tatu ya Martin, utaikuta kama Steel and Snow na Blood and Gold. A Dance with Dragons, juzuu yake ya tano, pia ilikatwa hivyo, na The Way of Kings ya Sanderson vilevile. Ukinunua kimoja ukadhani ni kitabu kizima, utafika ukurasa wa mwisho hadithi ikiwa katikati. Soma maandishi madogo ya jalada na ukurasa wa haki ya kunakili kabla ya kutoa pesa.

Mtego wa pili ni kinyume chake, kitabu kimoja chenye majina mawili. Northern Lights ya Philip Pullman huko Marekani inaitwa The Golden Compass. Usilipe mara mbili.

Kagua mgongo. Kitabu kinene cha karatasi laini hupasuka gundi katikati, kwa hiyo kifungue hapo, si mwanzoni. Na ukiona ramani imefifia, herufi zimefura au pambizo zimepinda, hiyo ni nakala ya wizi. Hizo hukosa kurasa na viambatisho, na mwandishi hapati hata shilingi. Ziache.

Kwa Le Guin, tafuta The Earthsea Quartet. Ni hadithi nne za kwanza katika jalada moja.

Mwalimu_Kariobangi:
Vijana, mnazungumza kana kwamba fantasia haijawahi kuandikwa kwa Kiswahili. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ni ya 1952, na ndani yake kuna majini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Kusadikika, ya 1951, ni nchi iliyo angani yenye wajumbe sita waliotumwa pande zote na kurudi kuteswa. Zote ni fupi na zote zimekamilika.

Msianze na Nagona ya Kezilahabi (1990), hata kama wembamba wake unawavutia. Ndani yake wakati na mahali havishikiki, na anayetafuta kisa chenye mwanzo na mwisho ataiona imemfungia mlango. Isomeni baada ya kuzoea, kisha muunganishe na Mzingile ya mwaka uliofuata.

Mdadisi_Umoja:
Asante Mwalimu, asanteni nyote. Basi naanza na Adili na Nduguze, halafu Earthsea, halafu The Final Empire. Nikikutana na juzuu zote tatu za Sanderson mahali pamoja, nizichukue?

Kalamu_ya_Ngara:
Mpangilio huo hata mimi naukubali. Nunua ya kwanza tu. Ukifika kurasa mia moja bado hujali Vin, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, atapatwa na nini, hiyo si ladha yako, na hizo mbili zitakaa bure. Ukizichukua zote, usisome maelezo ya jalada la nyuma la juzuu ya pili, The Well of Ascension: yanafichua mwisho wa ya kwanza katika mistari yake ya mwanzo. Ifunike kwa gazeti ukifika tu nyumbani.